UZI: Umefuta vidakuzi, umeingia hali fiche, na bado tovuti inakujua. Kifaa chako ndicho kinachojibu

NahodhaWaTudor

Assalamu alaikum, habari zenu wakuu.

Humu jukwaani nimeona mara nyingi watu wakishauriana hivi: ukitaka usifuatwe mtandaoni, futa vidakuzi, fungua hali fiche, weka VPN (huduma inayokufanya uonekane unaingilia mtandaoni kutoka mahali pengine), basi. Ushauri huo ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo nzito. Kidakuzi ni kitu ambacho tovuti inakuwekea ndani ya simu yako. Ukikifuta kimekwenda. Lakini kuna njia ya kukutambua isiyokuwekea chochote. Tovuti inakiuliza kivinjari maswali kuhusu kifaa chenyewe, kivinjari kinajibu yote bila kukutaka ruhusa, kisha majibu yanaunganishwa kuwa alama moja. Huna cha kufuta, maana kwako hakikuandikwa kitu. Daftari liko kwao.

Maswali yenyewe ni ya kawaida ukiyatazama moja moja. Kioo kina upana gani? Prosesa ina viini vingapi? RAM ni kiasi gani? Chipu ya michoro ni ya aina gani? Saa imewekwa ya Nairobi au ya kwingine? Umechagua lugha gani? Mna fonti zipi? Mengi yana sababu halali, kwa mfano tovuti haiwezi kupanga ukurasa wake vizuri kama haijui upana wa kioo. Tabu inaanza yakikusanywa.

Manahodha wa Mji wa Kale walilijua jahazi likiwa bado mbali, jina lake halijasomeka, kwa mkato wa tanga, urefu wa foromali na jinsi linavyolala upande. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilicho cha jahazi moja tu, lakini vikikutana vyote mzee alikuwa akikutajia mwenyewe ni nani.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu bila hesabu mtu anaweza kudhani natia chumvi. Chukulia kila jibu linagawa umati katikati: nusu wanabaki, nusu wanatoka. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Ukiwagawa katikati mara 21 unabaki na mtu mmoja. Mara 21 tu! Kwa dunia nzima, watu bilioni 8, zinatosha mara 33. Kila mgawo wa namna hiyo wataalamu huuita biti. Mwaka 2010 Peter Eckersley wa Electronic Frontier Foundation (EFF), shirika linalotetea haki za watu mtandaoni, alichapisha utafiti uliopima vivinjari 470,161 vya watu waliojitolea, akakuta kwamba alama ya kivinjari inabeba angalau biti 18.1. Maana yake, ukichagua kivinjari chochote, ni kimoja kati ya 286,777 ndicho kitakachofanana nacho. Asilimia 83.6 ya vivinjari alivyopima havikuwa na mwenzao. Na hiyo ni 2010, kabla ya mbinu ninazotaka kuzieleza sasa.

Iliyonishughulisha zaidi ni ile ya picha. Ukifungua ukurasa, msimbo wake unaweza kukiamuru kivinjari kichore picha ndogo ambayo wewe huioni kamwe: maneno machache, rangi, duara, kivuli. Amri ni ile ile kwa kila mtu. Lakini chipu ya michoro inatofautiana, programu inayoiendesha inatofautiana, namna mfumo unavyolainisha kingo za herufi inatofautiana. Kwa hiyo vijidoti vya picha yako havilingani kabisa na vya mwenzako. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo, ila kompyuta inaiona. Picha inageuzwa kuwa namba, namba inatumwa kwenye seva. Keaton Mowery na Hovav Shacham wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha mwaka 2012 kwamba jambo hili linawezekana. Miaka miwili tu baadaye, watafiti wa vyuo vikuu vya Princeton na Leuven walipokagua tovuti 100,000 zinazotembelewa zaidi duniani, waliikuta mbinu hiyo katika zaidi ya asilimia 5. Kwa sehemu kubwa ilitoka kwa AddThis, kampuni iliyokuwa ikitoa vile vitufe vya kusambazia habari. Yaani mwenye gazeti la mtandaoni aliweka kitufe cha kushea, na kitufe kikawa kinawachora wasomaji wake.

Mwaka 2016 Princeton wakaikuta ya sauti pia. Kifaa kinaagizwa kitengeneze mlio ndani kwa ndani, spika haitoi kitu, maikrofoni haiguswi, kisha matokeo ya hesabu ya mlio ule yanasomwa. Nayo hutofautiana kidogo kutoka kifaa hadi kifaa.

Karibuni tujadili.

---

FundiMwembeTayari

Wa alaikum salaam, nahodha. Uzi mzuri, lakini hapa nakupinga. Mimi nafungua simu kutwa. Zinazoletwa mezani kwangu ni zile zile: Tecno, Infinix, itel, Samsung za bei ya chini. Simu mbili zilizotoka katoni moja zina kioo kimoja, prosesa moja, RAM moja, mpaka gundi ni moja. Tovuti itazitenganisha vipi?

---

NahodhaWaTudor

Fundi, umegusa penyewe, na kwa kiasi kikubwa uko sahihi. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walichapisha hesabu ya alama zaidi ya milioni 2 zilizokusanywa kwenye tovuti moja kubwa ya huko. Kwenye kompyuta, asilimia 35.7 hazikuwa na mwenzake. Kwenye simu zilikuwa asilimia 18.5. Simu hufanana zaidi kwa sababu mtu haongezi kadi ya michoro wala haweki fonti zake mwenyewe. Kwa hiyo mwenye simu inayouzwa kwa wingi pale kwako anajificha katika umati mkubwa kuliko mwenye laptopu aliyoiunda atakavyo.

Ila usilale. Vitu viwili.

Cha kwanza, hata simu mbili za katoni moja hazifanani kabisa ndani. Mwaka 2022 watafiti kutoka Israeli, Ufaransa na Australia walitoa mbinu waliyoiita DrawnApart. Waliipa chipu ya michoro kazi ndogondogo kupitia kivinjari na kupima kasi ya kila sehemu ya chipu katika kuzimaliza. Kiwandani hakuna chipu mbili zinazotoka sawasawa kabisa, na tofauti hizo ndogo zikawatosha kutenganisha vifaa vya modeli moja. Ikiunganishwa na mbinu za zamani, muda wa kuweza kumfuata mtu uliongezeka kwa hadi asilimia 67.

Cha pili ni vihisi vya mwendo, vile vinavyojua umeinamisha simu. Mwaka 2019 watafiti wa Cambridge walionyesha kuwa Apple ilikuwa ikirekebisha vihisi vya kila iPhone kiwandani, moja baada ya moja, na marekebisho hayo yangeweza kusomwa na tovuti ndani ya sekunde moja bila ruhusa yoyote. Alama hiyo haibadiliki hata ukifuta simu yote ukaanza upya. Apple waliziba tundu hilo kwenye toleo la mfumo wa iPhone liitwalo iOS 12.2. Simu nyingi za bei nafuu ziliepuka kwa sababu viwanda vyake havigharimii urekebishaji wa simu moja moja. Hapo mwenye simu ya bei ya chini alikuwa salama kuliko mwenye simu ya laki.

---

FundiMwembeTayari

Hili la chipu nimelikubali. Nimeshaona simu mbili sawa, moja yapata moto na nyingine haipati, kazi ile ile. Basi tofauti ipo.

---

ShababBondeni

Oyaa, mimi dawa ninayo. Naweka viendelezi vyote vya kuzuia, zile programu ndogo za kuongeza kwenye kivinjari, nabadilisha utambulisho wa kivinjari kiseme mimi ni iPhone, VPN inasema niko Amsterdam. Wanitafute.

---

NahodhaWaTudor

Shababu, naomba usome hapa kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapojiumiza kwa nia njema.

Kinachokutambulisha ni kutofanana na wenzako. Simu yako ikisema ni iPhone huku chipu yake ya michoro ikijitaja kuwa ya aina iitwayo Mali, ambayo iPhone haina, umeshakuwa wa pekee yako. VPN ikisema Amsterdam na saa ikisema Nairobi, hiyo ni alama nyingine. Viendelezi navyo: kila kimoja kinachogusa ukurasa kinaweza kugunduliwa, na mkusanyiko wako wa viendelezi unaweza kuwa wako peke yako. Umeongeza kufuli, na kila kufuli limeandikwa jina lako.

VPN ina kazi yake, siikatai. Inaficha anwani ya IP, ile namba ya muunganisho wako wa intaneti. Lakini mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja kwa pamoja, kwa hiyo IP peke yake ilikuwa haikutenganishi vyema na jirani yako tangu hapo. Alama ya kifaa ndiyo inayoziba pengo hilo kwa faida yao.

Waliolielewa jambo hili wameenda njia mbili. Tor Browser inataka watumiaji wake wote waonekane sawa: hata ukivuta dirisha kwa ukubwa wowote, yenyewe inakadiria ukurasa kwa hatua za vijidoti 200 kwa upana na 100 kwa urefu, kisha inaacha ukingo mtupu pembeni. Ndiyo maana wanakwambia usiongeze kiendelezi hata kimoja. Brave imechagua njia nyingine, inatia makosa madogo ya makusudi katika picha na sauti, na makosa hayo hubadilika kutoka tovuti hadi tovuti, ili alama ya leo huku isilingane na ya kule. Safari, kivinjari cha Apple, tangu 2018 inatoa taarifa chache na za jumla kuhusu mfumo. Firefox tangu Januari 2020 inazuia kwa kawaida kampuni zinazojulikana kwa kazi hii.

Ukiniuliza mimi: chagua kivinjari kimoja kinachojali jambo hili, kiache jinsi kilivyotoka, kisasishe. Basi.

---

PwaniMojaTu

Yote haya ya nini? Mimi sina cha kuficha. Wakijua natumia Infinix wanapata nini?

---

BintiKisauni

Ngoja nikujibu mimi, ndugu yangu. Kakangu aliacha kamari. Aliacha kweli, nyumba nzima tulimsaidia. Akafuta programu, akafuta historia ya kivinjari, vidakuzi, kila kitu. Lakini akifungua ukurasa wa habari za mpira, tangazo la kamari hilo hapo. Akifungua mapishi, hilo hapo. Yeye hana cha kuficha, sisi sote tunajua alikotoka. Anachotaka ni kuachwa. Nahodha, hii ndiyo alama ya kifaa?

---

NahodhaWaTudor

Dada, Mungu amzidishie nguvu kakako. Nakujibu kwa uangalifu kwa sababu jambo lenyewe ni kubwa.

Alama ya kifaa ni mlango mmoja, na ipo milango mingine ya kufunga kabla yake. Kama bado ana akaunti kwenye kampuni ya kamari, namba yake ya simu imo, basi aombe akaunti ifungwe na data ifutwe. Aingie kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya Google, matangazo, afute kitambulisho cha matangazo. Hicho ndicho programu za simu hukitumia kumfuata, na hakihusiani na vidakuzi. Kisha kwenye akaunti yake ya Google ipo sehemu ya kupunguza matangazo ya kamari, aiwashe. Na yale matangazo mengine hayamfuati yeye, yanafuata ukurasa: tovuti ya mpira huuzia wa kamari nafasi, kila anayeingia anayaona.

Baada ya hayo, kama yangali yanamfuata hadi kwenye mapishi, hapo alama ya kifaa inaingia katika hesabu, na kubadilisha kivinjari kutamsaidia zaidi kuliko kufuta historia tena.

PwaniMojaTu, habari ya kakake dada ndiyo jibu langu kwako. Wakijua unatumia Infinix hawapati kitu. Wakijua kwamba Infinix hii ndiyo ile ile iliyosoma kuhusu ugonjwa usiku wa manane, ikatafuta mkopo asubuhi, ikatafuta wakili mchana, wamepata mtu mzima. Na kidakuzi angalau ulikuwa na uwezo wa kukitupa. Hiki wamekunyima uwezo huo, na hawakukwambia. Hilo ndilo linaloniudhi mimi.

---

MlinziWaMilango

Naomba kusema kitu kwa upande wa pili. Nafanya kazi ya usalama katika benki, sitaitaja. Alama ya kifaa inatuokolea wateja. Mtu akiibiwa laini, mwizi akaingia kwenye akaunti kwa nenosiri sahihi kabisa, kinachotushtua ni kwamba kifaa ni kigeni. Tunasimamisha muamala. Mkiizima kabisa mtawafurahisha matapeli.

---

NahodhaWaTudor

Nakubaliana nawe, mkuu, na nashukuru umelisema. Benki yangu ikikagua kifaa changu ninapoingia kwenye akaunti yangu, nimeenda mwenyewe, wananijua, na faida ni yangu. Ninachopinga ni kampuni nisiyoijua, ndani ya ukurasa wa mapishi, ikinichora ili iniuze. Mbinu ni moja, shughuli ni mbili. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka data ikusanywe kwa lengo lililotajwa wazi na isitumike kwa lengo jingine lisilolingana nalo. Mkikusanya kwa ajili ya usalama, msiipeleke idara ya matangazo.

Niseme pia kwa nini jambo hili linapamba moto sasa. Vidakuzi vya kampuni za nje vimebanwa: Firefox mwaka 2019 ilianza kuwazuilia watumiaji wote vile vya kampuni zinazojulikana kwa kufuata watu, Safari ikavifungia vyote Machi 2020. Google iliahidi mwaka 2020 kuviondoa katika Chrome, ikaahirisha tena na tena, na Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Na Google hao hao, walioandika mwaka 2019 kwamba kumfuata mtu kwa alama ya kifaa kunampokonya uamuzi na ni makosa, walitangaza Desemba 2024 kulegeza masharti kwa watangazaji wanaotumia huduma zao, kuanzia tarehe 16 Februari 2025. Mamlaka ya data ya Uingereza iliuita uamuzi huo wa kutowajibika. Kivinjari kinachotumiwa na wengi wetu hapa Mombasa ni Chrome, kwa kuwa ndicho kilichokuja na simu. Kwa hiyo jambo hili ni letu moja kwa moja.

Na wenye vivinjari wakitaka, wanaweza. Zamani tovuti iliweza kukiuliza kivinjari betri imebaki asilimia ngapi. Mwaka 2015 watafiti wakaonyesha kwamba jibu hilo nalo linaweza kumtambulisha mtu kwa muda mfupi. Firefox wakaliondoa swali lenyewe mwaka 2017. Chrome bado inalijibu.

---

MwalimuLikoni

Nahodha, umetaja lugha kwenye orodha ya maswali. Simu yangu na ya wanafunzi wangu ninaowashawishi, tumeziweka kwa Kiswahili. Ina maana gani kwetu?

---

NahodhaWaTudor

Mwalimu, nilijua swali hili litakuja, na jibu lake halinifurahishi. Kivinjari hutuma lugha uliyochagua kwa kila tovuti unayoitembelea. Wengi wenye simu hapa Kenya wamebaki na Kiingereza kilichokuja nazo. Aliyebadilisha kuwa Kiswahili yuko katika kundi dogo, na kundi dogo maana yake biti nyingi zaidi. Tor Browser humwuliza mtumiaji wa lugha nyingine kama angependa kurasa ziombwe kwa Kiingereza, kwa sababu hiyo hiyo.

Mimi Kiswahili sikitoi. Sioni haki yoyote katika mpango unaomtaka mtoto wa Likoni aache kusoma simu yake kwa lugha yake ndipo aachwe na wauza matangazo. Zaidi ya hayo, hesabu yenyewe iko upande wetu tukiwa wengi: kila idadi ya waliochagua Kiswahili inapoongezeka mara mbili, biti moja inaondoka kwenye alama ya kila mmoja wao. Washawishi na wengine.

---

MwalimuLikoni

Nimekuelewa vizuri sana. Darasa zima nitalifundisha hesabu hiyo, inaingia moja kwa moja kwenye mada ya vipeo.

---

ShababBondeni

Nimevitoa viendelezi vyote nikabakisha kimoja cha kuzuia matangazo. Nimeingia kwenye kile kipimo cha EFF, Cover Your Tracks. Chrome ya simu inasema alama yangu ni ya pekee. Brave kwenye simu hiyo hiyo inasema alama yangu imevurugwa. Ila nimeona Chrome haitaji modeli ya simu, imeandika herufi K. Hiyo ni nini?

---

NahodhaWaTudor

Hongera, shababu. Hiyo K ni kweli. Tangu 2023 Chrome ya Android huandika K mahali pa modeli, na huandika Android 10 hata kama yako ni mpya zaidi. Hatua nzuri, lakini ukurasa ukiomba modeli kwa njia nyingine, Chrome inaupa bila kukuuliza wewe. Kwa hiyo usiihesabu K kuwa kinga.

Na lile neno "ya pekee" lisikutishe kupita kiasi: ni pekee kati ya waliojipima hapo hivi karibuni, na wengi wao si watu wa simu kama zako.

---

BintiKisauni

Nahodha, nataka kumwandikia malalamiko yule wa kamari, na Kamishna wa Data pia. Nitaje nini?

---

NahodhaWaTudor

Anza na kampuni yenyewe, kwa maandishi, kwa jina la kakako maana haki ni yake. Kifungu cha 26 cha Sheria ya 2019 kinampa haki ya kuambiwa data yake inatumiwaje, kuiona, kupinga isitumiwe na kutaka ifutwe ikiwa ni ya uongo au ya kupotosha. Kifungu cha 37 kinazuia kutumia data ya mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Wakikwambia "hatuna jina lake, tuna alama ya kifaa tu", waonyeshe kifungu cha 2: anayeweza kutambulika ni pamoja na yule anayetambulika kwa kitambulishi cha mtandaoni.

Waulize mambo matatu: wanakusanya sifa gani za kifaa chake, wanampa nani, na kwa idhini gani. Weka tarehe. Piga picha za matangazo, kila picha na anwani ya ukurasa ulipoyaona na saa. Wasipojibu au wakijibu ovyo, nenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Fomu ya malalamiko iko kwenye tovuti yao, na sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Ukiandika rasimu iweke hapa, toa jina na namba ya simu ya kakako, tuisome pamoja kabla hujaituma.